Mkweme Usiozaa

Wapendwa, huko milima ya Upare alihamia mwalimu mmoja mstaafu, mwenyeji wa Shinyanga, jina lake Kabula. Alijenga nyumba yake, akalima mchicha na nyanya, akapanda na mparachichi mmoja alioupenda kama mtoto.

Siku moja kando ya ua ukachipuka mmea asioujua. Ukatambaa, ukashika ua, ukaupanda mparachichi mpaka kileleni. Kabula akachuma jani, akaenda nalo dukani. Muuza duka akalitazama, akasema, "Gugu hilo." Kabula akaupiga picha, akamtumia bwana shamba, naye akajibu, "Subiri uzae, ndipo tuutambue."

Basi akasubiri. Mmea ukachanua maua ya zambarau, mazuri ajabu, yakapukutika. Matunda? Hata moja! Mwaka uliofuata, vilevile.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kabula alinoa panga.

Pigo la kwanza tu, jirani yake, Mama Namkunda, akatokea mbio, mikono imejaa unga.

"Shikamoo Mwalimu, weka chini hilo panga!"

"Marahaba. Kwani mmea ni wako?"

"Si wangu. Lakini huo ni mkweme!"

"Mkweme ndio nini? Mbona hauzai?"

"Wala hautazaa. Huo ni dume."

"Basi niache niukate, mwenzangu. Unanimalizia mparachichi."

Mama Namkunda hakubishana. Alimshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya nyumba yake. Kabula akainua macho, akabaki kinywa wazi. Juu ya mti wa mgrivea yalining'inia matunda makubwa kama ndoo. Tisa!

"Huu wangu ni jike," Mama Namkunda akasema, machozi yakimlengalenga. "Miaka saba, kila mwaka maua, kila mwaka patupu. Jike halizai bila dume karibu, na hapa kwetu dume halikuwapo. Hilo lako limeletwa na nani, Mungu ndiye ajuaye. Sasa nyuki wanatoka kwako wanakuja kwangu. Na binti yangu Namkunda anajifungua mwezi ujao! Kwetu mzazi hupikiwa mbegu za kweme ili maziwa yajae. Nilishakata tamaa, Mwalimu."

Kabula akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Walirudi wote wawili, wakauteremsha mkweme kutoka kwenye mparachichi taratibu, wakauelekeza kwenye ua. Mtoto alipozaliwa, vigelegele vilivuka bonde, na baada ya bibi yake, wa kwanza kumpakata alikuwa Kabula. Akanywa na uji wa kweme, bakuli mbili.

Sasa sisi. Tunamtazama ndugu tuliye naye hapa, mwaka unaisha, tunasema, "Huyu ametuzalia nini?" Hakuna tunachokiona, tunaanza kunoa. Je, tumewahi kwenda kwa jirani tukauliza? Yule mama asiyejua hata kuongoza sala, je, unajua ni wangapi wamesimama tena kwa sababu alikwenda kukaa nao msibani, kimya tu?

Na wewe uliyejificha nyuma pale, unayesema, "Mimi maisha yangu hayajazaa kitu," inua uso, ndugu yangu. Iko nyumba leo inapiga vigelegele kwa sababu wewe ulikuwa karibu.