Chui Asimkaribie Digidigi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Kichaka na mwiba! Mwenye kichaka halali, mwenye mwiba hajali!"

Basi, alikuwepo Digidigi, miguu kama njiti, na alikuwepo Chui, aliyeshikilia kwamba Digidigi ni wake. Digidigi akienda mtoni, Chui nyuma: nyatu, nyatu, nyatu. Digidigi akienda kilimani kwa mamake, Chui nyuma: nyatu, nyatu, nyatu. Akijifungia ndani, Chui mlangoni.

"Mpenzi, nakusalimu tu!"

"Nimekwambia sikutaki!"

"Utanitaka. Mimi sina haraka."

Digidigi akaenda kwa Hakimu Kiboko. Kiboko akagonga muhuri, pwa!, juu ya jani la mgomba: Chui asimkaribie Digidigi, hatua mia.

"Asante, Mheshimiwa. Nani atampelekea?"

"Mlalamikaji. Ndiyo desturi yetu."

Akampelekea, jani mdomoni. Chui akasoma, akacheka, akalitafuna jani.

"Ona! Leo umenifuata mwenyewe!"

Digidigi mbio kwa Afande Ngiri.

"Amekuuma?"

"Bado."

"Basi dada, akikuuma njoo na jeraha, tutaandika."

Kesho yake akarudi.

"Amekuuma?"

"Bado."

"Kwani ulimfanya nini mpaka akupende hivyo?"

Digidigi akalia mpaka machozi yakamchora michirizi myeusi usoni. Halafu akabadilisha njia. Akapita katikati ya shamba la maboga la Kiboko, mwepesi, tipu, tipu, bila kugusa hata jani. Chui nyuma, macho kwake tu. Boga la kwanza, pasu! La pili, pasu! La kumi, pasu!

Kiboko akanguruma. Kufumba na kufumbua, askari arobaini. Arobaini! Kumbe walikuwepo. Chui akatwangwa virungu, akahukumiwa mchana uleule: asiyakaribie maboga, hatua mia.

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe una shida gani tena? Kaa kwenye maboga."

Ndiko anakoishi mpaka leo. Kilima cha mamake anakiona kwa mbali. Na kwenye hatua ya mia na moja ameketi Chui, mkia umetulia, anasubiri mavuno.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye bega ajitwike. Na funzo lake, wasikilizaji wangu, ni hili: ukiandamwa usihofu, sheria ipo, na inalinda kila mtu. Hakikisha tu umezaliwa boga.