Fungu la Benigna Mwaka wa Nzige

Waamini wa kale katika nchi ya Unyamwezi walikuwa wakisimulia habari za mwanamke mmoja mcha Mungu, jina lake Benigna, binti wa katekista Sosteni, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Katika nyumba aliyolelewa, kila Ijumaa mama yake alipoepua ugali alikuwa akimega kwanza fungu la kipofu mmoja wa jirani, ndipo la wanawe. Alikuwa akiwaambia kwamba anachopewa maskini baada ya wenyewe kushiba ni makombo, wala si sadaka. Na jioni, wakiisha kusali Rozari, baba yao hakuanza kwa kuwauliza dhambi zao. Aliwauliza ni nani waliyemwona siku ile ana njaa.

Benigna akakua, akaolewa na Gaudensi, mfua vyuma wa misheni. Ukaja mwaka wa nzige. Mtama na uwele vililiwa hata mabua, watu wakaanza kuchimba mizizi porini. Askofu akaleta magunia machache ya mtama, na wazee wa kanisa, kwa kuona ni haba, wakakata shauri wapewe waliobatizwa tu, na wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Ufunguo wa ghala wakamkabidhi Benigna, kwa kuwa alijulikana kwa uaminifu.

Siku ya tatu akafika mjane aitwaye Nyamizi, amembeba mjukuu mgongoni. Nyamizi hakuwa Mkristo. Tena ndiye aliyewahi kumfukuza Sosteni kwa mbwa alipokwenda kuhubiri uani kwake, na Benigna alilijua jambo hilo. Mtoto yule hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Mzee Nestori, mkubwa wa wazee, alikuwapo. Moyo wake ukalainika, akamnong'oneza Benigna amwandike yule mjane kuwa mkatekumeni, kwani hakuna atakayeuliza.

Benigna akamjibu, "Baba, siwezi kumlisha kwa uongo. Wala siwezi kumwambia arudi alikotoka."

Akapima fungu la juma lile la nyumba yake mwenyewe, akalimimina katika kikapu cha Nyamizi. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe alilotenda. Gaudensi akasema mlenda wa porini upo. Wakala mlenda mtupu na ukwaju, na juma lililofuata wakafanya vivyo hivyo, na majuma mengine matatu baada ya hapo. Watu walipomwona Nyamizi akitoka ghalani na kikapu, wakaanza kusema kwamba binti Sosteni anaiba amana ya kanisa. Maneno yalimfikia, yakamchoma, lakini hakujitetea.

Padre Anselmi wa misheni ile, aliyekuwa akizungukia vigango vya mbali, akarudi Jumamosi. Kesho yake, wakati wa Misa, Benigna akaanguka. Walipomwinua wakaona jinsi mifupa ilivyomtoka. Padre akamwita faragha, akamhoji, naye akamweleza yote bila kumlaumu mtu.

"Kwa nini hukuningoja?" Padre akauliza.

"Ulikuwa safarini, Padre, naye alikuwa na njaa."

"Na kwa nini hukumwandika, kama alivyokushauri Mzee Nestori?"

"Ningemwandika, angedhani ubatizo hununuliwa kwa kibaba cha mtama."

Alasiri ile Padre akawaita wazee, akawaambia ghala ni la kila mwenye njaa. Mzee Nestori akawa wa kwanza kukiri kwamba walikosea.

Hata hivyo mtama uliisha siku nyingi kabla ya mavuno, wote wakaona njaa pamoja, na wako waliomnung'unikia Benigna hadi uzeeni kwake. Wala Nyamizi hakubatizwa. Miaka ilipopita akaja padre mwingine, akasimuliwa kisa hiki, akauliza kilizaa matunda gani. Wazee wakamwonyesha msichana mmoja aliyekuwa akipalilia shamba ng'ambo ya kijito, wakamwambia, "Yule ndiye mjukuu wa Nyamizi. Yu hai."

Ndugu waamini, huruma ya mtu mzima mara nyingi hupandwa jikoni, kabla mtoto hajajua kusoma katekisimu. Na anayelea watoto na ajichunguze: wanapotazama mkono wake ukigawa chakula, wanaona nani anatangulizwa?