Darubini na Basi la Shule

Mtu anaweza kuponya wagonjwa wa vijiji saba, kisha akalala kitandani mwake akiugua asijue pa kuanzia. Si kwamba dawa zake ni mbovu. Ni kwamba jicho la binadamu limeumbwa kutazama nje, na lililo karibu nalo mno hulipita. Wahenga waliliona hilo wakasema mganga hajigangi. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye shule nzima ilimwita Darubini, aliyaonja maneno hayo akiwa bado mbichi.

Jina la Darubini hakujipa mwenyewe. Alipewa wakati hadubini ya maabara ilipotoweka na wenzake wakaanza kunyoosheana vidole. Yeye hakumnyooshea mtu. Alitazama vumbi lililotanda rafuni, akatazama kufuli la kabati la kemikali, ambalo lilisemekana halifunguliwi kamwe, akaona linang'aa kwa kushikwashikwa. Akaomba lifunguliwe. Hadubini ilikuwa humo, mahali mwalimu wa sayansi alipoiweka mwenyewe kisha akasahau. Tangu hapo kila kilichopotea kiliulizwa kwake, na mara nyingi alikipata. Sifa zikamwandama, na yeye, kama ilivyo kawaida ya wanadamu, akaanza kuziamini.

Nyumbani kwao walikuwa watatu: yeye, mdogo wake wa darasa la kwanza, na baba yao. Mama yao alifariki kabla yule mdogo hajaanza kutembea. Baba alikuwa dereva wa basi la shule hiyo hiyo, mtu mpole asiyependa makuu, aliyewasuka wanawe nywele kwa vidole vilivyozoea usukani. Alipokosa soksi alikuwa akisema, "Sina haja ya kutafuta, mpelelezi ninaye ndani." Wote wakacheka.

Mwaka huo basi lilianza kuharibika kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Kwanza lilikutwa na mkwaruzo mrefu ubavuni upande wa kushoto, ule ulio mbali na usukani. Kabla rangi mpya haijakauka vizuri, mkwaruzo mwingine ukatokea. Kisha kioo cha pembeni, upande ule ule, kikakutwa kimening'inia mithili ya sikio la mbuzi aliyeng'atwa. Baba alipoulizwa alisema kila mara huliegesha basi uani jioni likiwa zima.

Mwalimu Mkuu, mama mwenye maneno machache, alimwita Darubini ofisini.

"Mwanangu, kuna mtu analiharibu basi letu. Nitafutie ni nani."

Darubini alilizunguka basi akiinama na kuinuka. Alipima kwa kiganja kimo cha mkwaruzo kutoka chini, akaenda hadi kwenye toroli la chuma ambalo mlinzi wa shule alilisukuma kila alfajiri akizoa takataka za uani. Vishikio vya toroli vilikuwa kimo kile kile. Tena ubavuni mwa toroli palikuwa na alama ya rangi ya manjano, rangi ya basi. Moyo ukamruka kwa furaha. Hakujiuliza ni nani aliyebeba makopo ya rangi siku basi lilipopakwa upya, wala yalibebwa kwa kitu gani.

Mlinzi aliitwa. Alikuwa mzee mkimya aliyeshika geti hilo tangu shule ikiwa na madarasa machache tu. Alimsikiliza msichana hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi basi hilo sijaligusa. Lakini shule nzima inajua wewe hukosei. Sasa mimi nitamwambia nani?"

Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Siku hiyo mzee alimwaga unga. Wanafunzi walimpigia Darubini makofi, naye alitembea kama mtu asiyekanyaga chini. Jioni alipomsimulia baba yake, baba aliinamia sahani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Alama zote zinasema hivyo, baba."

Baba aliinuka akaanza kutoa vyombo.

Wiki haikuisha. Basi likakutwa na mkwaruzo mpya, wa kina kuliko yote, na toroli lilikuwa limefungiwa stoo tangu mzee aondoke. Darubini alipopata habari alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Masomo yalipokwisha alirudi getini peke yake, mahali alipopita kila siku bila kupatazama. Kwenye nguzo ya geti, kimo cha ubavu wa basi, palikuwa na mistari ya manjano, mmoja juu ya mwingine, ya zamani na ya jana. Basi halikukwaruzwa na mtu. Lilijikwaruza lenyewe likiingia.

Alisimama pale akimtafuta mtu mwingine wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza akili yake ikagoma. Labda geti limelegea. Labda baba amechoka. Alikwenda nyumbani akiwa na labda nyingi.

Wakati wa kula, mdogo wake alibeba sahani yake, akazunguka meza, akahamia upande wa pili.

"Mbona unahama?" Darubini aliuliza.

"Baba hanioni nikikaa huku," mtoto alijibu huku akitafuna. "Jana kanimwagia chai."

Alilisema kama mtu anayesema nje kuna jua. Lakini kijiko cha baba kilisimama hewani, na Darubini akamtazama baba yake kama mtu amtazamaye mgeni. Aliona jinsi alivyogeuza shingo nzima kutafuta chumvi iliyokuwa kushotoni kwake. Akakumbuka anavyogonga bega mlangoni, na anavyomtaka amshike mkono wa kushoto wakivuka barabara. Polepole aliinua kiganja chake upande ule. Baba aliendelea kutazama mbele.

Mtoto alipokwenda kulala, Darubini alisogeza kiti.

"Baba, jicho lako la kushoto linaona?"

Baba aligeuza shingo kumtazama.

"Linaona ukungu," baba alisema. "Lilianza kidogo kidogo. Nikadhani ni uchovu."

"Na nguzo ya getini?"

"Nilisikia mikwaruzo. Nikajiambia ni matawi ya ua. Ulipomtaja mzee wa watu..." Akasugua jicho lile. "Nilitaka iwe kweli, mwanangu. Nikisema sioni, gari nitanyang'anywa. Ninyi mtakula nini?"

Darubini alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Angeweza hata kuzusha sababu nyingine, na shule ingemwamini. Machozi yalimlengalenga.

"Baba, mlango wa basi uko kushoto. Watoto wanashukia upande huo."

Baba alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Kisha akatoa ufunguo wa basi mfukoni na kuuweka mezani.

Asubuhi walikwenda shuleni kwa miguu, wakaingia pamoja ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Baba alisema yake, na binti akasema yake. Baadaye, gwaride la asubuhi liliposimama, Darubini alipanda jukwaani akawaambia wenzake kwamba alimsingizia mtu asiye na hatia. Hakuna aliyepiga makofi. Jioni alikwenda na Mwalimu Mkuu nyumbani kwa mlinzi, akapiga magoti mlangoni.

"Nisamehe, babu."

"Inuka," mzee alisema. "Kusamehe nimesamehe. Kusahau kunataka muda, usinihimize." Baada ya siku kadhaa alirudi getini. Salamu ya Darubini aliipokea, ila ule utani wake wa zamani na wanafunzi haukurudi upesi.

Hospitalini daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Nuru ya jicho la kushoto haingerudi tena, lakini la kulia lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuguswa, na kwa dawa lingeokolewa. Kama wangechelewa, alisema, angekuwa kipofu kabisa.

"Nani aligundua?" daktari aliuliza.

Darubini alizoea kuinua mkono swali kama hilo likiulizwa. Safari hii alimtazama mdogo wake, aliyekuwa ameketi akichezesha miguu isiyofika sakafuni.

"Huyu," alisema.

Baba hakushika usukani tena. Alipata kazi kwa fundi wa matairi, kazi nzito yenye ujira mdogo, na maisha ya nyumba ile yakabana. Darubini aliendelea kuulizwa mambo na watu, naye akaendelea kuyachunguza, ila kabla ya kutoa jibu alimwita mtu mwingine aje atazame pale ambapo yeye hakutaka kutazama. Alikuwa amesoma alama za shule nzima, na za mezani kwao akasomewa na mtoto wa darasa la kwanza. Kweli, mganga hajigangi.