Kifaru na Mawe Meupe ya Roma

Hapo zamani za kale, tena zamani kwelikweli, wanyama wa mji wa Roma hawakuwa na mfalme. Walimchagua mkuu wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unatoka, unampisha mwenzako. Basi!

Kuuzunguka mji walipanga mawe meupe. Mkuu akiwa vitani nje ya mawe, neno lake ni amri, hata la kuua. Lakini mwaka wake ukiisha, akivuka mawe tu kuingia mjini, amri yake imekwisha. Ni raia kama muuza mchicha.

Mwaka huo mkuu alikuwa Kifaru. Zamu yake ikaisha, akachaguliwa Kongoni. Kifaru akakataa katakata! Akapiga hema nje ya mawe, na Nyati wawili, wabeba shoka la ukuu.

"Kongoni akija kulidai shoka, mkateni kichwa!"

Masikini Kongoni akajifungia ndani, analia. Mkewe keshaanza kufunga mizigo. Jirani yao Sungura akaona, aka, hili halivumiliki.

Asubuhi akaenda kambini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Nimekuletea maneno ya mjini. Wanakutaja sana."

"Ehee! Wanasemaje?"

"Wanasema pembe yako si pembe. Ati ni nywele zilizogandana."

"Nini?"

"Tena mimi ndiye niliyewaambia!"

Lo! Kifaru akafura, akainamisha kichwa. Sungura huyooo, mbio! Kifaru nyuma yake, puu! puu! puu! Na Kifaru mnamjua nyie: mbio anazo, macho hana.

"Mzee, simama! Mawe hayo!" Nyati wanapiga kelele. Wapi! Hasira imemziba masikio.

Akaja kusimama sokoni, anahema, kakanyaga mafungu ya vitunguu. Sungura kapanda juu ya meza, anacheka.

"Nyati! Mkateni kichwa huyu mshenzi!"

Nyati wakaja polepole, wakatazamana.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu mimi!"

"Mzee, hebu tazama ulipo."

Kifaru akatazama huku na huku. Vibanda, vikapu, mama wauza samaki. Akanywea. Nyati wakampita, wakaenda kubisha hodi kwa Kongoni. Alipotoka, wakasimama nyuma yake.

Muuza vitunguu akamgusa Kifaru begani. "Ndugu raia, niondolee mguu kwenye fungu langu."

Wanangu, asiyejua kutoka kwa heshima hutolewa na hasira zake mwenyewe.