Pua Haina Mkwe

“Pua haina mkwe.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bibi harusi maneno hayo, mkaangua kicheko, na sasa mmenizunguka mkitaka kujua yalikotoka. Chekeni mmalize kabisa, maana nikishaanza hamtacheka tena. Methali hii ilianza hivi.

Huko Vunjo, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, palikuwa na mjane aliyeitwa Aikaruwa, na kwa kupika mbege hakuwa na mpinzani. Nyinyi mliozaliwa mjini, mbege ni pombe ya ndizi mbivu. Ndizi huchemshwa kwenye pipa, huachwa siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi. Watu walipanda milima na kushuka ili wanywe kata moja tu kwa Aikaruwa.

Alikuwa na nyumba ndogo ya pombe nyuma ya migomba, yenye mlango mmoja na isiyo na dirisha. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria zake. Upepo usiingie. Sabuni isivuke kizingiti, kwa kuwa huharibu pombe. Na kubwa kuliko zote, mtu asiingie humo akasema kunanuka. Waliamini kwamba pombe ikisemwa vibaya hununa, na ikinuna hainyweki. Ukimuuliza Aikaruwa sababu, alikujibu kwa maneno matatu tu: mwacha mila mtumwa.

Mkamwana wake, Ndeanasia, aliijua sheria hiyo kwa kuumia. Alikuwa ameolewa na Elingaya, mwana pekee wa Aikaruwa, aliyefanya kazi ya useremala Arusha na kurudi nyumbani wakati wa Krismasi. Wiki yake ya kwanza pale nyumbani Ndeanasia aliingia nyumba ya pombe, akakunja uso, akasema, “Mama, humu kunanuka.” Basi. Siku mbili baadaye pipa lile liliharibika. Aikaruwa alilimwaga lote kwenye mfereji mbele ya majirani, na kwa mwezi mzima hakuzungumza na mkamwana wake ila kwa salamu. Mwezi mzima, jamani, katika nyumba ya watu wawili. Tangu siku hiyo Ndeanasia aliapa kwamba, lolote atakalolinusa humo, litafia puani.

Mwaka huo kuni zilikuwa taabu, na Elingaya akamtumia mama yake mtungi mkubwa wa gesi na jiko lake la chuma. Fundi aliyeuleta alieleza vizuri sana. Mtungi ukae nje ya nyumba, na mpira wa gesi upite tundu la ukutani. Mpira ubanwe kwa kibano cha chuma kila upande. Kabla ya kuwasha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya mapovu yanayokua, gesi inavuja. Mkimaliza kupika, fungeni mtungi wenyewe, si jiko tu. Na mlango uwe wazi, kwa sababu gesi hii ni nzito, hutambaa chini na kujaa kama maji.

Aikaruwa alimsikiliza kwa adabu, akampa kata ya mbege, akamsindikiza. Fundi alipopotea kwenye kona, mama yule aliuchomoa mpira na kuuingiza mtungi ndani, usije ukaibwa au kupigwa na baridi. Kibano kilimshinda kukirudisha. Akachana ganda kavu la mgomba, akaufunga mpira kwa fundo zuri kabisa.

“Kwa ganda hili tumefunga paa, tumefunga mizigo, tumefunga hata ng’ombe,” alisema. “Litashindwa na kampira haka?”

Na sabuni, je? Sabuni haikuvuka kizingiti.

Siku tatu kabla ya Krismasi walichemsha asubuhi ndizi za pipa la Mwaka Mpya, na pipa la Krismasi lililokwisha kukaa siku zake lingechujwa alasiri. Walipomaliza, Aikaruwa alizima jiko, akauacha mtungi wazi, akafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa magunia, kama alivyofanya miaka yote. Ndani ya nyumba hiyo iliyozibwa, gesi ikavuja polepole kwenye lile fundo zuri mpaka alasiri. Mwili wangu husisimka nikisimulia hapa, na nimeshasimulia mara nyingi.

Alasiri Ndeanasia alitumwa kuchukua chujio. Aliingia, akarudishia mlango kama ilivyo sheria, akainama kulichukua sakafuni, na harufu ikampiga usoni. Ilikuwa harufu ya yai viza. Ndizi zilizokaa alikuwa amekwisha kuzijua. Hii haikuwa ya ndizi. Kichwa kilimzunguka. Akatoka na chujio mkononi, na huko nje akakutana na mama mkwe wake akija na sufuria ya unga wa ulezi, na kiberiti kimekaa juu ya mfuniko.

Sasa tazameni jinsi woga unavyomfanya mtu. Ndeanasia alijua kuna kitu kibaya ndani. Alijua pia kwamba lile lilikuwa pipa la Krismasi, na likiharibika safari hii atasemwa mbele ya mume wake na ukoo mzima. Akajaribu kupita pembeni.

“Mama, si upumzike kidogo kwanza?”

“Pombe haipumziki, mwanangu.”

“Basi nipe hicho kiberiti, nikuwashie mimi.”

Mnasikia? Alikuwa tayari kuingia kwenye moto kwa miguu yake mwenyewe kuliko kutamka neno moja.

“Wewe koroga uji, moto niachie mimi,” Aikaruwa alisema, akasukuma mlango na kuingia.

Ndeanasia akabaki kizingitini. Alimwona mama mkwe wake akifika kwenye jiko na kuinama. Alimwona akisita, kiberiti mkononi, kichwa kimegeuka upande kidogo. Kisha akasikia njiti ikitolewa kwenye boksi.

“Mama,” alisema. “Mama, kunanuka.”

Aikaruwa aligeuka kumtazama, lakini mkono ulikuwa umekwisha kukwangua.

Hapakuwa na mlio kama huo mnaoufikiria. Ilikuwa pumzi moja kubwa, fuu, na sakafu nzima ikawa bluu. Mlango ulimtupa Ndeanasia kwenye migomba. Mabati mawili ya paa yaliruka mpaka shamba la kahawa. Alipoinuka hakusikia chochote masikioni, na nguo ya mama mkwe wake ilikuwa inawaka. Alimburuta kwa mikono miwili mpaka kwenye mfereji, akamlaza ndani ya maji yale ya baridi, akapiga yowe mpaka watu wakaja. Mtungi uliendelea kutoa ulimi wa moto ndani, na hakuna aliyethubutu kuusogelea mpaka ulipokwisha wenyewe. Nyumba ya pombe iliungua yote.

Aikaruwa alilazwa hospitalini miezi miwili. Miguu iliungua mpaka magotini, mikono yote miwili, na upande mmoja wa uso. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjuka tena maisha yake yote. Elingaya, aliyekuja kwa ajili ya Krismasi, aliila Krismasi kwenye benchi la wodi.

Siku ya tano Ndeanasia alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Uji ukamwagika, akaanza kulia.

“Mama, nisamehe. Niliisikia harufu nilipofuata chujio. Niliisikia, nikanyamaza.”

Aikaruwa alimtazama kwa jicho lililokuwa wazi.

“Kwa nini ulinyamaza?”

“Nilikuogopa, Mama. Wewe ni mkwe wangu.”

Mama yule alilifumba jicho lile.

“Hata mimi niliisikia,” alisema. “Nilipoinama, kabla ya kuwasha.”

Kijiko kilimwanguka Ndeanasia. “Uliisikia?”

“Niliisikia vizuri. Nikataka kutoka nikuulize kama na wewe unainusa. Halafu nikakukumbuka umesimama pale mlangoni. Nikaona, nitawezaje kusema kunanuka mbele yako, mimi niliyekumwagia pipa kwa neno hilohilo? Nikakuonea haya. Nikawasha.”

Waliangaliana, wakwe wawili, kila mmoja akiwa amekaribia kumuua mwenzake kwa heshima.

Nyumba nyingine ilijengwa, yenye madirisha mawili. Mtungi ulikaa nje, vibano vikakazwa, na kila asubuhi Ndeanasia alipaka povu la sabuni kwenye maungio huku mama mkwe wake akihesabu mapovu. Na kila mwali aliyeolewa kijijini, Aikaruwa alimwita akamshika kwa mkono wake ule usiokunjuka, akamwambia: mheshimu mama mkwe wako kwa chakula, mheshimu kwa salamu, mheshimu kwa kazi. Lakini ukinusa hatari, sema, awe nani mbele yako. Pua haina mkwe.