Udaktari Uliovunwa Kibanjani

Wasomi mlio kwenye kundi hili, hii inawahusu. Msiruke, someni mpaka mwisho.

Bibi Kokushubira alikuwa na kibanja cha migomba mia mbili. Siku majani yalipoanza kunyauka na ndizi kuozea kwenye mkungu, alimshukuru Mungu kwamba mtoto wa kaka yake, Rweyongeza, alikuwa chuo kikuu akisomea mimea.

Rweyongeza akaja. Akapima, akakata vipande, akavitia kwenye vichupa, akaondoka navyo. Akapata udaktari. Ukoo ukachinja mbuzi.

Akarudi, safari hii kuhesabu wadudu wa maua ya migomba. Akapata udaktari wa pili. Ukoo ukachinja tena, na kuanzia hapo ukimwita Dokta mara moja haitiki; sharti "Dokta Dokta".

Na migomba je? Ikaendelea kufa. Kila asubuhi bibi alishika kisu chake, shina hadi shina, akikata yaliyonyauka ili aokoe yaliyobaki.

Mwaka huu mheshimiwa kaja mara ya tatu, na karatasi za maswali. Bibi akamtengea ugali.

"Shangazi, ugali kwa mgeni? Ndizi ziko wapi?"

"Zimehamia kwenye vitabu vyako. Hebu niambie, Dokta Dokta, vilisema tufanyeje?"

"Dawa hakuna. Ila ugonjwa unaenezwa na kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, pitisha kisu motoni kabla hujagusa mwingine. Basi."

Bibi akaisogeza sahani kando.

"Basi? Hilo umelijua lini?"

"Tangu udaktari wa kwanza. Kama miaka tisa."

Miaka tisa! Na moto uko jikoni kwake, hatua kumi tu kutoka kibanjani! Miaka tisa mama wa watu anaiua migomba yake kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anaiponya.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimeandika, shangazi. Sura ya tano. Kitabu kiko maktaba."

"Maktaba! Nami niliyekulisha nilikuwa wapi, mwezini? Haya, na hizo karatasi za leo zinauliza nini?"

Rweyongeza akainama, akasoma kwa sauti ya chini: "Kwa nini wakulima hawafuati ushauri wa wataalamu?"

"Andika jibu langu," bibi akasema. "Hawakuambiwa. Umeshamaliza, udaktari wa tatu huo, beba uende. Mimi nimebakiwa na mashina kumi na moja, na kisu changu hakijapita motoni."

Funzo: Elimu uliyoichuma shambani kwa mtu ukaenda kuifungia kabatini ni wizi, hata ukiivalisha joho mara tatu.