Kamba ya Kidoti

Hapo zamani, wala msidhani ni ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilipokwisha kupanda milima na kufika kwenye migomba ya Rungwe, palikuwa na chama cha wafugaji wa maziwa. Na katika chama hicho palikuwa na mwanamke aitwaye Subilaga, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alipokea maziwa ya watu wote, na chai yake akanywa ya rangi. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa hata na mkia wa ng'ombe. Ukimwuliza, "Dada Subi, leo maziwa mengi?" atakujibu, "Mengi sana, yote ya wenyewe."

Kazi yake ilikuwa hivi. Mfugaji huleta keni lake, Subilaga hulitafuta jina lake kwenye kompyuta, kompyuta ikikubali, bomba la tangi la baridi hufunguka, maziwa yakaingia. Kompyuta isipokubali, bomba halifunguki, hata uwe shemeji yake Mwenyekiti. Na huo mtambo wenyewe ulikuwa kompyuta pepe. Mnaijua kompyuta pepe? Haina mwili. Huwezi kuipangusa vumbi wala kuipiga kofi ikigoma. Inaishi ndani ya kompyuta kubwa ya watu wengine huko mjini, kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu, na Subilaga huongea nayo kwa kioo kilicho mezani kwake.

Mzee Lugano, mpima maziwa pale kwenye tangi, hakuipenda tangu siku ya kwanza.

"Kitu kisicho na mwili hakina aibu," alisema. "Na kisicho na aibu hakikabidhiwi maziwa."

Lakini Mwenyekiti, Mzee Ambakisye, alikuwa mtu wa maendeleo. Alisimama mkutanoni, mbele ya wake na waume, akatangaza kwamba madaftari ni marufuku, na atakayeonekana na daftari kituoni amekikaidi chama. Akamtazama Mzee Lugano. Mzee Lugano akajibu, "Ndiyo, Mwenyekiti. Ndiyo. Ndiyo kabisa." Mtu akikwambia ndiyo mara tatu, mchunguze.

Basi ikafika siku ya kuuwekea mtambo toleo jipya. Chama hakifanyi jambo bila sherehe, kwa hiyo akaalikwa mgeni rasmi, ukanunuliwa utepe mwekundu. Hapo ndipo watu walipoanza kukuna vichwa. Utepe unafungwa wapi kwenye kompyuta isiyo na mwili? Wakabishana asubuhi nzima. Mwisho wakaufunga kwenye tangi, wakasema inatosha, mgeni hatauliza.

Subilaga alikuwa na karatasi ya maelekezo yenye hatua tatu. Ya kwanza: piga picha ya mtambo mzima ulivyo, ili jambo likiharibika mrudi mlikotoka. Ya pili: weka toleo jipya. Ya tatu: ukiona kila kitu ni salama, iondoe ile picha. Akapiga picha. Akaweka toleo jipya. Akanyoosha kidole kufanya hatua ya tatu, akasikia Mwenyekiti akiita, "Subilaga! Sinia la mkasi liko wapi?"

Akaenda kushika sinia la mkasi. Baada ya sinia akapakua pilau. Baada ya pilau akaosha masufuria. Na ile karatasi mtu akaiokota, ikaenda zake.

Siku zile za mwanzo ulihesabu moja, mbili, bomba limefunguka. Juma la kwanza likiisha, ukahesabu hadi ishirini. Juma la pili, hadi mia. Juma la tatu watu wakaacha kuhesabu, wakaanza kusimuliana habari za ndoa zao, na foleni ikajua mambo ambayo hata mshenga hakuyajua. Jua likapanda. Maziwa yakaganda kwenye makeni. Kijiji kikala mgando asubuhi, mgando mchana, mgando jioni, hata paka wakaanza kuukwepa. Yalikuwa mambo ya kuchekesha mpaka Mama Tusajigwe, mjane mwenye ng'ombe mmoja, alipomwaga keni zima mtaroni na kukaa chini akalia. Hapo Subilaga naye alilia, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mbele ya kioo na hakujua la kufanya.

Mwenyekiti akamleta uwanjani mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Pale kwao kuna utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: ukipewa mtamba, ndama jike wake wa kwanza unamrudisha, apewe mwingine. Na zamu hiyo alikuwa ametoka mtamba mzuri, mnene, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, aitwaye Kidoti.

"Atakayeurudisha mtambo wetu kama ulivyokuwa," akasema Mwenyekiti, "kamba hii ni yake."

Subilaga alimtazama Kidoti. Kidoti akamtazama Subilaga. Nawaambieni, hata kwenye posa zake mbili hakuwahi kutazamwa vile.

Akaitwa mtaalamu kutoka mjini, Injinia Godlove, kijana mwenye kompyuta mpakato na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Rungwe, na mvua ile! Akauliza, "Nani aligusa nini?" Wote wakajibu, "Hakuna aliyegusa." Akauzima mtambo, akauwasha. Pole pole vile vile. Akauongezea kumbukumbu. Pole pole vile vile. Akaenda kumchunguza mwenye nyumba, ile kompyuta kubwa, kama wapangaji wengine wanamaliza nguvu. Akakuta wapangaji wengine wametulia. Pole pole vile vile. Siku mbili zikaisha, na viatu vikawa vya kahawia.

Asubuhi ya tatu Subilaga alinunua maandazi njiani. Akafungua karatasi waliyofungiwa, akala la kwanza, akala la pili, akaona kwenye mafuta maneno anayoyajua: ukiona kila kitu ni salama, iondoe ile picha. Andazi likamkwama.

Akaelewa yote. Mtambo ulikuwa bado umeibeba ile picha. Wiki tatu nzima ulikuwa kama mtu aliyehamia nyumba mpya, lakini kila akitaka kijiko huenda kwanza kukitafuta nyumba ya zamani. Na nani aliyeiacha picha? Yeye.

Akasimama pale njiani akijishauri. Akisema, kosa ni lake, na Kidoti kwaheri. Lakini akiwahi kituoni akaiondoa kimyakimya, mtambo utapona, kamba atapewa yeye, na ni nani atakayejua isipokuwa Mungu na muuza maandazi? Akakaza mwendo. Msimcheke. Nyinyi mngekimbia.

Alipofika, alimkuta Injinia Godlove ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amewahi kabla yake, akaifuta programu yote ili aiweke upya, bila kumwuliza mtu. Na mtambo haukuamka. Si pole pole tena. Kimya. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Nimeuua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Subilaga angeweza kunyamaza. Kosa lingebaki kwa mgeni. Alimtazama kijana yule, akaufungua mkono, akamwonyesha karatasi yenye mafuta.

"Picha ipo, kaka yangu. Niliipiga mimi. Nikaisahau. Ndiyo iliyoufanya mzito."

Godlove akaruka juu. "Ipo? Dada, usiniambie ipo!" Akaivuta kompyuta yake, na hapo lazima tumpe haki yake: picha ilikuwa imezeeka, mtambo ukaikataa mara ya kwanza, ukaikataa ya pili, na Subilaga peke yake asingeweza hata robo ya yale aliyoyafanya. Hata maji hakunywa. Saa sita mchana mtambo ukaamka. Moja, mbili, bomba likafunguka. Vigelegele!

Vigelegele vikakatika njiani. Mtambo ulikuwa umerudi ulikotoka, siku ile kabla ya utepe. Ulikuwa na kasi yake ya zamani, lakini wiki tatu zilikuwa zimefutika. Nani alileta maziwa, nani alileta maji yenye rangi ya maziwa, nani yalimgandia, yote hayakuwapo. Watu mia mbili wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja akikumbuka kwamba ng'ombe wake alikamuliwa kuliko ng'ombe wote.

Ndipo Mzee Lugano alipokohoa. Akainama, akavua buti lake la mvua la kushoto, akatoa daftari. Akavua la kulia, akatoa la pili. Jina kwa jina, keni kwa keni, asubuhi na jioni, kila siku ya wiki zile tatu.

"Ndiyo, Mwenyekiti," akasema. "Ndiyo. Ndiyo kabisa."

Siku mbili Subilaga alikaa kuyaingiza madaftari yale kwenye mtambo. Siku ya tatu mkutano ukaitwa, na Kidoti akaletwa.

Injinia Godlove akasimama. "Mlisema atakayeurudisha mtambo. Nani aliurudisha? Picha haijirudishi. Ni mikono hii."

"Mikono hiyo hiyo iliyouua!" akapaza sauti Mama Tusajigwe. "Na ng'ombe utamfuga wapi, ghorofani?"

"Nina mama yangu kijijini, mama. Naye hana ng'ombe."

Hapo watu wakamwelewa, maana mama ni mama.

Mzee Lugano akasimama. "Mlisema urudi kama ulivyokuwa. Mtambo usiojua maziwa ya watu umerudi kama ulivyokuwa? Umerudi zezeta. Akili yake ilikuwa kwenye buti langu."

"Lakini baba," akasema Godlove, "wewe una ng'ombe wanne."

"Wanne. Simtaki kwa maziwa. Nilikatazwa daftari mbele ya watu wote. Nataka nimvute huyu mbele ya watu wale wale."

Mwenyekiti akatazama kofia yake.

Akasimama Subilaga, kikombe chake cha chai mkononi. "Mimi ndiye niliyeufanya mzito, na maziwa yenu yakaganda kwa sababu yangu. Mama Tusajigwe, nisamehe. Lakini bila picha ile, leo tungekuwa na nini? Na niseme yote. Asubuhi ile nilikuwa naikimbilia ili niiondoe kwa siri. Ningewahi, ningempata Kidoti bila kuulizwa. Nilichelewa kwa kula maandazi. Halafu ningeweza kunyamaza, sikunyamaza."

"Na kwa nini hukuiondoa siku ile ile?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Nilikuwa nimeshika sinia la mkasi."

Watu wote wakageuka kumtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema mkutano una haraka.

Kisha akasimama na kamba mkononi. Mbele yake kijana aliyeua na kufufua, mzee aliyekaidi na kuokoa, na mwanamke aliyesahau na kusema. Kidoti alikuwa ameshaula utepe wote mwekundu uliobaki kwenye tangi, na sasa alikuwa akinyoosha shingo, akinusa kikombe cha chai ya rangi kilichokuwa mkononi mwa Subilaga.

Hadithi imefika hapo, na Mwenyekiti mkono unamchoka. Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma: kamba ni moja. Mngemkabidhi nani?